Mfalme na Uria Wake: Tumchongeje Mangi Rindi?

Pale Old Moshi, karibu na mti unaotajwa na wenyeji kuwa ndio alionyongewa Mangi Meli, pamewekwa sanamu yake. Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi na watu mashuhuri wengine 18, na ukoo wake unasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mtu aliyekufa kifo cha namna hiyo hampi mchongaji shida kubwa. Anayepita anajua amsikitikie nani na amlaumu nani, na hakuna anayeuliza kwa nini sanamu iwepo. Lakini Meli alikuwa na baba. Baba yake ni Rindi, ambaye misafara ya pwani na wasafiri wa Ulaya walimwita Mandara, na ndiye aliyeifanya Moshi ijulikane kutoka Pangani hadi Berlin. Alikuwa jasiri, hodari wa maneno, mwenye akili ya kuwageuzageuza wageni wakubwa kwa wadogo. Alikuwa pia mtu aliyevamia majirani zake na kuuza mateka. Siku ukoo, kijiji au halmashauri itakapotaka kumsimamisha Rindi kwa shaba au kwa saruji, msanii atakayepewa kazi hiyo atakuwa na swali gumu mara kumi kuliko lile la mwanawe: afanye nini na dhambi za mfalme?

Swali hili si geni kwa watu wa Kilimanjaro, hata kama hawajawahi kulisikia likiulizwa kuhusu sanamu. Huu ni mkoa wa Walutheri na Wakatoliki, na mtoto aliyesoma Shule ya Jumapili pale Machame, au katekisimu pale Kilema, anamjua mfalme Daudi kabla hajajua majina ya wamangi, yaani wafalme wa Wachagga. Anamjua kama mchungaji mwenye kombeo na mpiga kinubi. Akikua kidogo anasoma habari nyingine: Daudi alimchukua Bathsheba, mke wa askari wake Uria Mhiti, na alipoona mambo yanaelekea kufichuka akaandika barua kwa jemadari Yoabu, Uria awekwe mbele penye vita vikali kisha wenzake warudi nyuma wamwache auawe. Barua hiyo aliibeba Uria mwenyewe. Hakuna ukatili wa kifalme uliosimuliwa kwa utulivu wa kutisha kuliko huo, na umo ndani ya kitabu kinachomheshimu Daudi kuliko mfalme mwingine yeyote wa Israeli.

Sasa kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa Biblia hulipita bila kulitazama, nami naliona ndilo ufunguo wa suala zima. Habari za Daudi zimeandikwa mara mbili. Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11 na ya 12, kinasema kila kitu: mke, mimba, barua, kifo, nabii Nathani anayemkabili mfalme, na mfalme anayekiri. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 20, kinaanza pale pale. Ni majira yale yale ambayo wafalme huenda vitani, Yoabu anauhusuru mji wa Raba, Daudi amebaki Yerusalemu. Kisha mwandishi anaruka. Mstari unaofuata una taji la dhahabu juu ya kichwa cha Daudi, na Bathsheba na ile barua hawamo. Cha ajabu zaidi ni kwamba Uria hakufutwa. Jina lake limo katika sura ya 11 ya kitabu hicho hicho cha Nyakati, kwenye orodha ya mashujaa wa mfalme. Msomaji wa Nyakati pekee atajua kwamba Uria alikuwa askari hodari wa Daudi, wala hatajua kamwe nani alimuua.

Ninadai kwamba kila anayemchonga mtawala huchagua mojawapo ya vitabu hivyo viwili, apende asipende. Anaweza kumchonga kwa namna ya Nyakati: taji lipo, majina ya mashujaa yapo kwenye kibao cha marumaru, damu imeoshwa. Anaweza kumchonga kwa namna ya Samweli, ukuu na uovu vikae katika mwili mmoja na anayetazama aachiwe kazi ya kuvibeba vyote. Kwa Rindi, njia ya Samweli ndiyo ya kweli, na nitaonyesha kwamba ndiyo inayompa heshima kubwa zaidi pia.

Ieleweke kwanza kwamba wachongaji wakubwa wa Ulaya hawatusaidii sana hapa. Donatello katika karne ya 15, Michelangelo kati ya 1501 na 1504, na Bernini mwaka 1623 hadi 1624, wote walimchonga Daudi, na sanamu zao zinasifiwa hadi leo. Wote watatu walimchagua kijana aliyepambana na Goliathi. Mmoja ana kichwa cha adui miguuni, mwingine anasubiri, wa tatu anakunja kiuno arushe jiwe. Mfalme wa makamo aliyetembea juu ya dari jioni akamwona mwanamke anaoga hakupewa jiwe na yeyote kati yao. Siwalaumu, maana ujana ulio safi unachongeka. Lakini wakati huo waliouchagua ulikuwa wa mtu ambaye bado hajawa mfalme, na ufalme ndio uliomharibu.

Rindi hawezi kukimbiliwa katika ujana wake, kwa sababu yote tunayoyajua kwa uhakika ni ya Rindi aliye madarakani. Mmisionari Charles New alifika kwake mwaka 1871, akapanda mlima hadi kwenye theluji akiongozwa na watu wa Moshi. Aliporudi miaka michache baadaye, Rindi alimnyang'anya mali zake, na New akafariki njiani akirudi pwani mwaka 1875. Mwingereza Harry Johnston alifikia kwake mwaka 1884, wakagombana. Mwaka 1885 Jenerali Mathews alileta bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar na Rindi akaipokea, na muda mfupi baadaye, mwaka huo huo, akatia alama kwenye mkataba wa Karl Jühlke wa Ujerumani. Mwaka huo pia wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo kwake. Mtu mmoja, mwaka mmoja, aliwakaribisha Sultani, Mjerumani na Mwingereza, kila mmoja akiamini kwamba amempata. Mwaka 1889 wajumbe wake walifika Berlin wakiwa na msafiri Mjerumani Otto Ehlers, wakarudi na zawadi za Kaisari. Haya ni maarifa ya utawala ya kiwango cha juu, na mchongaji asiyeyaonyesha atakuwa amemdhulumu Rindi.

Upande wa pili una uzito ule ule. Rindi alivamia majirani zake, na mateka waliopatikana, wengi wakiwa wanawake na watoto, waliuzwa kwa misafara ya pwani. Hakuwa peke yake katika hilo. Sina wa Kibosho alifanya hivyo hivyo, na ndiye aliyekuwa mpinzani wake mkubwa, akijilinda ndani ya ngome yake ya mawe. Rindi alipoona hamwezi Sina, aliutumia urafiki wake na Wajerumani. Februari 1891 kamishna wa Ujerumani Hermann von Wissmann aliishambulia Kibosho akiwa na askari wake, na watu wa Moshi wakiwa upande wake. Kibosho ikavunjwa. Rindi akafa mwaka huo huo, akiwa ameshinda vita kwa bunduki za mtu mwingine. Mwaka uliofuata bunduki hizo zilimgeukia mwanawe. Meli alilishinda jeshi la Kijerumani la Albrecht von Bülow mwaka 1892, na von Bülow mwenyewe akauawa, lakini mwaka 1893 Gavana von Schele alirudi na nguvu kubwa zaidi na Moshi ikasalimu amri. Kutoka hapo hadi kwenye mti wa mwaka 1900 ni miaka saba. Huwezi kueleza kifo cha Meli bila kutaja mlango uliofunguliwa na baba yake, kama kitabu cha Samweli kisivyoweza kueleza uasi wa Absalomu, mwana wa Daudi, bila kupitia nyumba ya Uria.

Pingamizi la kwanza nalisikia tayari, na lina nguvu. Nani anasema haya yote juu ya Rindi? New aliandika kabla ya kunyang'anywa, wenzake wakaandika baada ya kifo chake kwa uchungu. Johnston alikuwa na ndoto ya kuuchukua mlima kwa ajili ya Uingereza, na aliondoka Moshi na kinyongo. Wajerumani walihitaji kumwonyesha kila mangi kuwa mshenzi, ili utawala wao uonekane ukombozi. Kwa nini msanii wa Kitanzania amchonge babu yake kwa kalamu ya watu waliokuja kumpokonya nchi? Hakika hatakiwi kufanya hivyo. Lakini ushahidi haukuachwa na wageni pekee. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, alikusanya historia za wazee wa Uchaggani mapema katika karne ya 20 na kuziandika kwenye madaftari. Kathleen Stahl aliyatumia madaftari hayo pamoja na masimulizi ya wazee wa kila eneo, alipoandika historia ya Wachagga iliyochapishwa mwaka 1964. Mtui naye alikuwa na upande wake, maana Marangu na Moshi hawakuwa marafiki. Ndiyo sababu inafaa kuuliza Kibosho wanasimulia nini, Uru wanasimulia nini, Kilema wanasimulia nini. Masimulizi ya watu wasiopatana yanapokubaliana kwamba Rindi alivamia na kuuza watu, jambo hilo halisimami tena juu ya hasira za Mwingereza mmoja.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, na wanaolitoa wana nia njema. Wanasema tukionyesha makosa ya wamangi tunampa Mjerumani udhuru. Naona kinyume chake ndicho kweli. Ukoloni haukuja Kilimanjaro kukomesha uvamizi wa wamangi, uliupanda mgongoni. Wissmann hakwenda Kibosho kuwakomboa mateka, alikwenda kwa sababu Sina hakuipokea bendera yake na Rindi alitaka aende. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha Moshi, hakuwanyonga watu 19 mwaka 1900 baada ya uchunguzi wa haki. Aliwanyonga kwa tuhuma za njama, na simulizi za Old Moshi pamoja na wanahistoria wanamtaja Mangi Marealle wa Marangu kuwa ndiye aliyezichochea tuhuma hizo. Kati ya waliokufa siku hiyo alikuwamo Molelia, mtoto wa Sina. Mtoto wa Rindi na mtoto wa Sina walinyongwa pamoja, baada ya baba zao kupigana maisha yao yote. Historia ikisimuliwa hivi, bila kufichwa makosa ya upande wetu, hila ya mkoloni inaonekana wazi zaidi: alitafuta nyufa zilizokuwepo akazitumia. Tukizifuta nyufa hizo katika sanamu zetu, tunabaki na hadithi ambayo Mjerumani ametokea tu kwa nguvu zake, na hilo ndilo analopenda yeye kusikia.

Basi msanii afanyeje kwa mikono yake? Hapa mambo yanakuwa magumu, kwa kuwa saruji haina sura ya 11 na ya 12. Sanamu nyingi za nchi hii hujengwa kwa nondo zilizofungwa kwa waya, zikavishwa wavu, kisha saruji ikapakwa tabaka kwa tabaka na kupakwa rangi ya shaba. Kazi hiyo ikishakauka haibadiliki, na mkao uliochaguliwa siku ya kukunja nondo ndio utakaosema milele. Mkao tuliouzoea ni mmoja: kifua mbele, mkuki au bendera mkononi, macho kwenye upeo wa mbali, msingi mrefu chini. Mkao huo tumeurithi kwa Wissmann mwenyewe. Sanamu yake ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909: yeye juu kwa shaba, na chini yake askari Mwafrika akimtazama kwa unyenyekevu, pamoja na simba aliyeuawa. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia iliondolewa, ikaishia Hamburg, na wanafunzi wa chuo kikuu cha huko wakaiangusha mwaka 1968. Mtu yule yule aliyeivunja Kibosho alichongwa kwa kanuni kwamba mwathirika au mtumishi hukaa chini, amtazame mkubwa. Kumchonga Rindi kwa mpangilio huo, na kubadilisha sura tu, ni kumvisha nguo za Wissmann.

Kuna njia nyingine, na Auguste Rodin aliionyesha. Mji wa Calais, Ufaransa, ulimwagiza mwaka 1884 amchonge shujaa mmoja wa kuzingirwa kwao mwaka 1347. Yeye akawachonga watu sita wakielekea kufa, kamba shingoni, kila mmoja na hofu yake, na akataka wasimame chini, usawa wa wapita njia. Wenye mji hawakupenda. Sanamu ilipozinduliwa mwaka 1895 iliwekwa juu ya msingi, na ikateremshwa chini mwaka 1924, Rodin akiwa ameshafariki. Funzo lake kwa Moshi liko kwenye kimo. Rindi asimame ardhini, si juu ya nguzo, na asisimame peke yake. Pembeni yake awepo mwanamke mateka, mwenye kimo sawa na yeye, uso uliochongwa kwa uangalifu ule ule, akitazama upande wa pwani. Wasafiri waliomwona Rindi wanasema alikuwa na jicho moja lililokufa. Wachongaji wa kusifu wangelirekebisha jicho hilo. Liachwe kama lilivyokuwa, na jicho lake zima lisielekezwe mlimani wala kwa wapigapicha. Lielekezwe kwa yule mateka. Mtazamaji ataona hapo mtu mwenye akili nyingi anayempima bei mtu mwingine. Huyo mwanamke ndiye Uria wa Rindi, na jina lake limepotea. Uria wa Daudi ana bahati kubwa kuliko yeye: hata Mathayo, anapoorodhesha nasaba ya Yesu, hamtaji Bathsheba kwa jina bali kama mke wa Uria, vizazi vyote hivyo vikiwa vimepita.

Kuna kishawishi kimoja ambacho msanii mwenye moyo mwema atakipata, nami namshauri akikatae. Kwa Wachagga, jani la isale likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea ni ombi la msamaha, na mila inamfunga aliyeletewa asilikatae. Mmea huo huo hupandwa mipakani mwa vihamba na penye makaburi ya wazee. Ni rahisi kuwaza Rindi akiwa na isale mkononi akimnyooshea yule mateka, na umati ukapiga makofi. Kwa Daudi ningekubali, na mchongaji wa Kichagga akipewa kumchonga Daudi kwa ajili ya kanisa lolote la mlimani, amwekee isale badala ya kinubi. Waumini wataielewa mara moja kuliko mahubiri ya saa nzima, maana Daudi alikiri. Rindi hakukiri. Alikufa akiwa mshindi, na wamisionari waliokuwa jirani yake hawakuwa na nguvu ya Nathani. Kumpa isale ni kuungama kwa niaba yake, na hao aliowauza hawajaulizwa kama wanasamehe. Mkono wake uachwe mtupu. Kama kuna masale, yapandwe ardhini kuzunguka eneo hilo na watu walio hai, kutoka Moshi na kutoka maeneo yaliyovamiwa, kwa makubaliano yao wenyewe.

Pingamizi la mwisho ndilo linalogusa maisha ya sasa. Wajukuu wa Rindi, wa Sina, wa Marealle na wa Molelia wameoana, wanasali pamoja, wameuza kahawa kupitia chama kimoja cha ushirika, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933. Kwa nini kufukua? Ninaheshimu hofu hiyo, ila naona imechelewa. Mambo haya yamekwisha kufukuliwa na yanazungumzwa. Mjukuu wa Meli, Isaria Anael Meli, alidai kwa miaka mingi kichwa cha babu yake. Septemba 2023 taasisi ya urithi wa Prussia mjini Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu kutoka Kilimanjaro na jamaa walio hai, likiwemo la Akida, mshauri wa Meli. Fuvu la Meli halikuwemo. Mambo yakiwa hivyo, familia zitakaa meza moja zikitaka zisitake, zikipokea mabaki ya watu waliokufa siku moja kwa sababu ya ugomvi wa baba zao. Sanamu inayosema ukweli itawapa mahali pa kuanzia. Sanamu ya sifa tupu, iliyowekwa na upande mmoja, itawafanya wa Kibosho wapite upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watakaoshika fedha siku hiyo ikifika, wawe wa ukoo, wa halmashauri au wa kanisa. Msimtume msanii na picha moja na tarehe ya uzinduzi. Mpeni mwaka mzima kabla hajakunja nondo, akae na wazee wa Kibosho, Uru, Kilema na Marangu kama atakavyokaa na wa Old Moshi, na mkataba wake useme wazi kwamba mateka hataondolewa kwenye sanamu, hata mgeni rasmi akiomba.